Hiyo Invoisi Imetoka kwa Nani? Funga Jina la Biashara Yako Kwenye Barua Pepe

Ukimwuliza mwenye duka hapa Wote anajuaje meseji ya M-PESA ni ya kweli, hatakupa hotuba. Atakuonyesha simu. Meseji ya kweli imekaa pamoja na zake zote za zamani chini ya jina MPESA. Ile ya tapeli imetoka kwa namba ya mtu, 07 na kitu, hata kama maneno yamenakiliwa yote mpaka salio. Somo hilo watu wa soko walishalielewa, wengine baada ya kutoa unga na sukari kwa malipo hewa.

Sasa mwulize huyo huyo anajuaje barua pepe imetoka kwa yule anayesema ameituma. Atakuambia, si jina lake liko hapo juu? Ndiyo, liko. Shida ni kwamba kwenye barua pepe jina la hapo juu linaweza kuandikwa na mtu yeyote, mahali popote, bila kuiba paswadi ya mtu.

Hii ingekuwa stori ya watu wa kompyuta pekee kama pesa haingepita huko. Lakini inapita. Statimenti za simu zinatumwa kwa barua pepe. Shule, makanisa, makontrakta na wauzaji wa jumla wanatumiana invoisi kwa barua pepe, na chini kabisa ya hiyo invoisi kuna namba ya till au ya Paybill. Ukibadilisha namba hiyo, umebadilisha pesa inakoenda.

Pesa inavyopotea bila mlango kuvunjwa

Chukua mfano huu, wa kubuni lakini si wa ajabu. Duka la vifaa vya ujenzi hapa Wote linauzia shule kadhaa, kutoka Kathonzweni hadi Mbooni. Lina tovuti ndogo na anwani yake, tuseme mauzo@jinalako.co.ke. Mwisho wa mwezi linatuma invoisi ya mabati na simiti, na mhasibu wa shule analipa kwa till.

Siku moja mhasibu anapokea barua kutoka mauzo@jinalako.co.ke. Logo ni ile ile. Salamu ni zile zile. Imeongezwa sentensi moja tu: "Tumebadilisha till, tafadhali tumia hii mpya." Analipa. Kwenye skrini, kabla ya PIN, limetokea jina ambalo halijui, lakini akajiambia labda ni la mke wa mwenye duka, au karani mpya. Wiki mbili baadaye duka linapiga simu kuuliza pesa iko wapi, na hapo ndipo ugomvi unapoanza: shule ina risiti, duka halijapata kitu, na kila mmoja anaona mwenzake ndiye mwongo.

Angalia vizuri tapeli alichofanya. Hakuingia kwenye simu ya mtu. Hakuiba paswadi ya duka. Aliandika jina la duka mahali pa mtumaji, basi.

Na usidhani wanaonaswa ni watu wa mashinani tu. Kati ya 2013 na 2015, mtu mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alijifanya kampuni ya Quanta Computer ya Taiwan, ambayo huuza vifaa kwa kampuni kubwa za teknolojia. Kwa invoisi feki na barua pepe zilizotengenezwa zionekane zimetoka kwa kampuni hiyo, zaidi ya dola milioni 100 zililipwa na Google na Facebook. Google yenyewe! Alihukumiwa miaka mitano jela New York mnamo Desemba 2019. Marekani, mwaka 2023 pekee, FBI ilipokea malalamiko 21,489 ya utapeli wa barua pepe za kibiashara, na hasara ilipita dola bilioni 2.9.

Bahasha isiyokaguliwa

Utaratibu wa kutuma barua pepe tunaoutumia hadi leo uliandikwa 1982, wakati waliokuwa kwenye mtandao walikuwa wachache na wanaojuana. Hakuna aliyefikiria kumkagua mtumaji. Ni kama barua ya Posta: nyuma ya bahasha unaweza kuandika jina la chifu, na karani ataipokea na kuipeleka bila kukuuliza kitambulisho.

Marekebisho yalikuja baadaye, kidogo kidogo, na yako matatu. Yanaitwa SPF, DKIM na DMARC. Majina yanatisha kuliko kazi yenyewe. Yote matatu ni maandishi mafupi unayoyaweka kwenye DNS ya domeni yako, yaani lile daftari la wazi la intaneti linalosema jinalako.co.ke inapatikana wapi. Kila seva inayopokea barua inaweza kulisoma daftari hilo.

SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Fikiria stage ya magari. Karani ana orodha ya magari ya sacco, na gari ambalo haliko kwenye orodha halipakii abiria, hata likipakwa rangi ile ile na stika ile ile. Lakini SPF ikiwa peke yake ina tundu: inakagua anwani iliyo kwenye bahasha, ambayo wewe msomaji huioni. Unaloliona ni jina lililo kwenye barua ya ndani, na hayo mawili yanaweza kutofautiana.

DKIM ni muhuri. Seva yako inatia sahihi kila barua kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa kuhakiki sahihi hiyo unakaa wazi kwenye DNS. Mtu akibadilisha kitu ndani ya barua njiani, hata tarakimu moja ya till, sahihi inakataa. Kwa anayepokea malipo kwa simu, mimi naona hii ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu inalinda namba yenyewe na jina pamoja.

DMARC ndiyo inayofunga mambo. Kwanza inadai kwamba jina analoliona msomaji lilingane na lile lililopita kwa SPF au DKIM. Pili inaiambia seva inayopokea ifanye nini barua ikianguka mtihani: iipitishe tu, iitupe kwenye spamu, au iikatae kabisa. Tatu inakuletea ripoti ya nani anatuma barua kwa jina lako. Rekodi ya kuanzia ni mstari mmoja:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@jinalako.co.ke

Kwa miaka mingi haya yalikuwa hiari, na wengi hawakujali. Februari 2024 Google na Yahoo wakakaza. Google ilisema anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na zote tatu, na hata mtumaji mdogo lazima awe na SPF au DKIM. Microsoft ikafuata Mei 2025 kwa wanaotuma barua nyingi kwenye Outlook. Kwa hivyo kama risiti zako zinaangukia kwenye spamu za wateja siku hizi, usikimbilie kulaumu bando la mteja. Angalia DNS yako kwanza.

Kwa nini uiachie programu kazi hii

Unaweza kuweka rekodi hizi kwa mkono. Ukiwa na domeni moja na subira, fanya hivyo. Lakini makosa ya mkono ni yale yale kila mahali. Mtu anaongeza SPF ya pili badala ya kurekebisha ya kwanza, na kanuni inasema zikiwa mbili zote zinahesabika kuwa na hitilafu. Ufunguo wa DKIM ni mrefu sana, unakatika wakati wa kubandika na hakuna anayegundua. Orodha ya SPF inajaa huduma mpaka inapita kikomo cha kutafuta kwenye DNS mara kumi, na barua halali zinaanza kukataliwa.

Hapo ndipo API inapoingia. Tayari unaitumia bila kuiona. Wafanyabiashara waliounganisha mifumo yao na Daraja, API ya M-PESA iliyofunguliwa 2017, wanajua inavyokuwa: mteja analipa, mfumo wa M-PESA unaupigia hodi mfumo wa duka na kusema "fulani amelipa kiasi hiki," na risiti inatoka yenyewe. Hakuna mtu aliyeketi kuandika. Kampuni nyingi zinazohifadhi DNS, Cloudflare ikiwa mojawapo, zina API ya aina hiyo hiyo kwa rekodi za domeni. Badala ya binadamu kuingia, kubonyeza na kubandika, programu inatuma ombi: weka rekodi hii, kwa jina hili, yenye maneno haya. Sekunde chache baadaye inasoma tena kuona kama imekaa sawa.

Faida kubwa inaonekana kwa yule kijana wa mji anayetunza tovuti za watu. Kila mji unaye, na Wote, makao makuu ya kaunti yenye tawi la Chuo Kikuu cha SEKU, haukosi wake. Anatunza duka la dawa, shule mbili, sacco moja, hoteli tatu na kikundi cha wakulima wa maembe. Tuseme domeni ishirini. Kwa mkono, atazikagua mara moja zikifunguliwa, kisha asizitazame tena hadi kitu kiharibike. Kwa programu fupi inayoamka saa kumi na moja alfajiri, zote ishirini zinakaguliwa kila siku: SPF iko moja tu? Ufunguo wa DKIM unalingana na ulio kwenye seva? DMARC bado ipo, au kuna mtu ameifuta? Palipo na tofauti, anapata meseji kabla ya chai.

Programu hiyo hiyo inaweza kubadilisha funguo za DKIM kila baada ya miezi kadhaa, jambo ambalo kila mtaalamu hushauri na karibu hakuna mtu anayelifanya kwa mkono. Inaweka ufunguo mpya kwenye DNS, inasubiri usambae, inahamisha sahihi, halafu baadaye inafuta wa zamani. Na zile ripoti za DMARC, ambazo huja kama mafaili ya XML yasiyosomeka na binadamu wa kawaida, inazifungua na kukuambia kwa lugha ya watu: jana barua 40 zilitoka kwa seva yako, na 6 zilitoka mahali tusipopajua.

Lakini kuna hatua moja ambayo nisingeiachia mashine. Ni ile ya kutoka "pitisha tu" kwenda "kataa". Anza na p=none na ukae hapo wiki kadhaa ukisoma ripoti. Karibu kila biashara ina mtumaji iliyemsahau: programu ya uhasibu inayotuma statimenti, mfumo wa shule unaotuma matokeo kwa wazazi, printa ya ofisini inayotuma skani. Ukifunga mlango kabla ya kuwaandika kwenye orodha, utajikuta umezifungia nje risiti zako mwenyewe wakati wateja wanazingoja. Ukishawajua wote, nenda p=quarantine, ambapo barua zenye shaka huangukia kwenye spamu, na baada ya hapo p=reject. Uamuzi wa kila hatua afanye mtu anayeijua biashara. Programu ibebe mizigo.

Na kama una domeni uliyoinunua ukaiacha tu, haitumi barua yoyote, hiyo ni rahisi. Iwekee SPF ya v=spf1 -all na DMARC ya p=reject siku hiyo hiyo. Matapeli hupenda sana nyumba zisizokaliwa.

Tokeni, na jina lililo kwenye hati

Hapa Kenya ukisema tokeni mtu anafikiria stima. Kwenye API, tokeni ni neno refu la siri linaloiruhusu programu kufanya kazi kwa niaba yako. Ichukulie kama PIN. Tena ni hatari kuliko PIN kwa namna moja: aliye na tokeni ya DNS anaweza kuielekeza domeni nzima kwingine. Anaweza kuelekeza barua zako kwake. Anaweza hata kuelekeza kwake ile anwani ambayo taarifa za malipo hutumwa, ili mfumo wako usisikie tena nani amelipa.

Kwa hiyo tengeneza tokeni inayoruhusiwa kugusa rekodi za DNS za domeni moja tu, isiyo na ruhusa nyingine. Isitumwe kwenye grupu la WhatsApp. Isiandikwe ndani ya kodi inayowekwa hadharani. Kijana aliyekufanyia kazi akiondoka, ifute siku hiyo hiyo na utengeneze nyingine. Akaunti ya domeni yenyewe iwe na uthibitisho wa hatua mbili, na ni afadhali uwe wa programu ya simu kuliko wa SMS, maana laini ikibadilishwa kinyemela kodi za SMS zinaenda kwa mwizi.

Halafu kuna jambo linalonikera kuliko yote, na halihitaji utaalamu wowote. Biashara nyingi ndogo hazimiliki domeni zao. Fundi alipotengeneza tovuti, aliisajili kwa jina lake na barua pepe yake, kwa nia nzuri tu, ili mambo yaende haraka. Baadaye fundi amepata kazi Nairobi au Doha, namba yake haipatikani, na barua ya kukumbusha ada ya mwaka inaenda kwenye anwani asiyoifungua. Domeni ikiisha muda na ikaachwa, mwingine yeyote anaweza kuisajili. Akishaisajili hahitaji kuiga jina lako. Jina ni lake. Barua zote za wateja zitamfikia yeye, pamoja na zile za kubadilisha paswadi.

Domeni za .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Mwulize msajili wako leo domeni yako imeandikwa kwa jina la nani, barua pepe ipi, na inaisha lini. Kama jibu la kwanza si wewe, acha SPF na wenzake kwanza, ushughulikie hilo. Tarehe ya kuisha nayo ni kitu ambacho ile programu ya alfajiri inaweza kukukumbusha siku sitini kabla.

Yale ambayo kufuli halizuii

Ukifika p=reject, seva zinazofuata DMARC zitakataa barua za mtu anayeandika jinalako.co.ke bila ruhusa. Hazitamzuia aliyesajili jina-lako.co.ke, lenye kistari kimoja katikati. Hiyo ni domeni yake, na anaweza hata kuiwekea DMARC safi kabisa. Hazitamzuia pia aliyefungua akaunti ya Gmail na kuweka jina la duka lako kama jina la kuonyesha, na wasomaji wengi kwenye simu huliona hilo jina tu, bila anwani. Na kama tapeli ameingia kwenye akaunti yako halisi, barua yake itapita mitihani yote mitatu, maana kweli imetoka kwako.

Sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 ilikataza ujanja wa kujifanya tovuti au ujumbe halali ili kupora taarifa za mtu, na adhabu iliyoandikwa ni faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kusajili domeni kwa jina la mwenzako bila haki ni kosa jingine ndani ya sheria hiyo hiyo. Lakini kesi huchukua muda, na pesa ya till hutolewa kwa dakika.

Ndiyo maana anayelipa naye ana sehemu yake. Invoisi ikija na till mpya, mpigie muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo kabla, si ile iliyoandikwa kwenye hiyo barua. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama si lile ulilozoea kulipa, simama hapo. Labda ni la mke wa mwenye duka kweli, lakini dakika mbili za kuuliza ni bei rahisi.

Kama una kompyuta karibu, unaweza kuikagua barua mwenyewe. Ifungue kwenye Gmail, bonyeza nukta tatu za pembeni, kisha uchague kuona ujumbe wa asili. Ukurasa utakaofunguka una maandishi mengi ya ajabu, lakini juu kabisa kuna mistari ya SPF, DKIM na DMARC, na mbele ya kila mmoja neno PASS au FAIL. Ukiona FAIL kwenye DMARC, usilipe mpaka uongee na mwenye barua. Ukiona PASS, angalia bado ni domeni ipi iliyopita, herufi kwa herufi.

Ukishatuma pesa na ukashtuka, piga huduma kwa wateja papo hapo, kabla hata ya kumtafuta muuzaji, kwa sababu kila dakika tapeli anaweza kuwa kwa wakala. Meseji za utapeli kwenye laini ya Safaricom zipeleke 333, ni bure. Barua pepe usiifute, kwa sababu yale maandishi ya ajabu ya ujumbe wa asili yanaonyesha ilitoka seva gani, na ndiyo ushahidi ambao polisi na KE-CIRT, kitengo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, watauhitaji. Picha ya skrini peke yake haibebi hayo.